Mkalimani wa Bwana Baridi

Mpangaji wangu wa chumba cha nyuma, kile chenye dirisha linalotazama tangi la maji, kazi yake ilikuwa kuwa watu wengine. Sitanii. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa amekwisha kuwa mjane, mwizi wa pikipiki na askari aliyevunjwa jino, kisha jioni anarudi nyumbani kuniuliza kama nimebakiza kitunguu. Alikuwa mkalimani wa mahakamani na magerezani. Mtu akisimamishwa mbele ya hakimu na lugha ya pale haijui, huitwa yeye. Na kanuni ya kazi yao ni moja: mkalimani hasemi, "Huyu bwana anasema aliiba." Anasema, "Mimi niliiba." Akitaka kusema neno lake mwenyewe, hata la kuomba maji ya kunywa, analazimika kujiita mkalimani, kana kwamba anamsemea mtu aliyeko chumba cha pili.

Mtaani tulimwita Kasuku, na hakukasirika. Mwenye genge alikuwa akimwona tu anaanza:

"Kasuku, leo umeua wangapi?"

"Leo nimeua mmoja. Nipimie nyanya, na usinibane, unajua mimi ni mtu hatari."

Watu wanacheka, naye anacheka, kisha anaingia chumbani kwake na mlango unafungwa. Mume aliwahi kuwa naye, dereva wa malori, ambaye kila safari alichelewa kidogo kurudi, akachelewa, akachelewa, mpaka tukaelewa kwamba amefika alikotaka. Watoto Mungu hakumpa. Alikuja kwangu na mama yake mzazi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuweza kusimamisha treni, na wawili wale walikuwa na lugha yao. Kasuku alijua lugha nne za watu wa mipakani, lakini hii ya tano ilikuwa ya kwao hasa, ya ng'ambo ya milima. Katika mji wetu wote wasemaji wake wangekaa kwenye benchi moja na nafasi ya kuweka vikapu ikabaki. Waligombana kwa lugha hiyo kuhusu namna ya kukunja shuka mpaka kuku wangu wakagoma kutaga. Mimi nilisimama ukutani nasikiliza. Sikuelewa hata neno, lakini kila mara nilijua nani anashinda.

Mama mtu akafa. Benchi likabaki na mtu mmoja.

Baada ya hapo nilimsikia Kasuku akiisemea sufuria lugha ile. Anaigombeza, anaibembeleza, kisha ananyamaza ghafla akikumbuka kwamba nina masikio. Sufuria hiyo ilikuja kujua lugha mbili na bado ilikuwa inaunguza mboga. Niliwahi kumwambia, "Mjukuu wangu, nifundishe basi, nikujibu." Akanifundisha salamu. Niliitamka, akacheka mpaka akakaa chini, maana kumbe nilikuwa nimemwambia kitu kuhusu kwato. Hatukurudia.

Sasa ndipo akaitwa gerezani kwa mtu wa lugha hiyo. Yaliyotokea kule ndani aliniambia mwenyewe, kwa vipande, wakati tunaanua nguo. Kiapo cha kazi kilimkataza kutaja jina la mtu, na hakulitaja. Pale alipopika chukuchuku nimetia chumvi, lakini nyama ni ya kwake.

Mfungwa huyo mimi nilimpa jina la Bwana Baridi. Alikuwa amefanya kazi kwenye kiwanda cha nyama, na mwenzake wa zamu alikuwa na tabia ya kupiga mluzi. Siku moja Bwana Baridi alimfungia ndani ya chumba cha barafu, akaenda kula, akamaliza, akaenda kulala. Asubuhi yake ndiye aliyefungua mlango, akashangaa pamoja na wengine. Alikuwa amekaa gerezani miaka mingi, na sasa zamu yake ilikuwa imefika ya kufikiriwa kama aachiwe. Kabla ya wakubwa kuamua, alitakiwa kukaa na daktari wa nafsi, mtaalamu anayechunguza wahalifu ili aseme huyu amebadilika na huyu bado.

Daktari mwenyewe alikuwa mwanamke, mdogo kwa Kasuku, mpole, mwenye miwani aliyoifuta kila alipofikiri. Siku ya kwanza alimweleza Kasuku kazi ilivyo.

"Dada, wapo watu maumivu ya mwenzao hayawafiki. Sisi huwaita saikopathi, lakini neno lenyewe ni zito, silitumii ovyo. Usidhani hawajui kwamba mwenzao anaumia. Wanajua, tena wengine wanajua kuliko wewe na mimi. Kujua wanako. Kuhisi ndiko hawana."

"Kama mtu anayejua kusoma bei lakini hanunui," Kasuku akasema.

"Anaweza pia kukuuzia," daktari akasema, akaifuta miwani.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, yaani ukiuona mgongoni kwa mtu unauona mwepesi. Basi wengi wetu hulishika kanda hilo siku moja tukashtuka kumbe ni mawe. Hawa aliowasema daktari wanaweza kukutajia uzito wake kwa kilo na wasinyooshe mkono.

Chumba kilikuwa na meza iliyofungwa sakafuni kwa nati, viti vitatu, feni yenye ubawa mmoja uliopinda, na harufu ya dawa ya kudekia. Askari wa zamu alisimama mlangoni. Katikati ya meza daktari aliweka kinasa sauti kidogo, si kikubwa kuliko kipande cha sabuni. Bwana Baridi akaletwa. Mtu wa makamo, kichwa kimenyolewa, mikono misafi sana. Akakaa, akamtazama Kasuku, akamsalimia kwa lugha ya ng'ambo ya milima.

Kasuku aliniambia, "Bibi, kama nisingekuwa nimekaa, ningekaa."

Tangu mazishi ya mama yake hakuwa amesalimiwa hivyo. Mtu yule alikuwa anavuta maneno mwishoni vilevile kama mama yake, anameza herufi zilezile. Hata angekuwa anasoma bei za mbolea, kwa Kasuku ingekuwa ni sauti inayotoka jikoni kumwita akale.

Wakaanza. Daktari anauliza, Kasuku anageuza, Bwana Baridi anajibu, Kasuku anageuza.

"Nilifunga mlango. Nilisikia anagonga. Niliondoka."

Siku iliyofuata, na iliyofuata hiyo, alikwenda mapema kuliko alivyotakiwa. Nikaona anapaka mafuta, anavaa viatu vizuri. Nikamchokoza, "Kasuku, gereza lina harusi?" Akaniambia, "Bibi, acha maneno yako," lakini alikuwa anaimba. Kwa mara ya kwanza tangu mama yake afe sufuria ilipumzika.

Halafu siku moja daktari alitoka nje kidogo kuitikia simu. Kanuni inasema mkalimani na mfungwa wasizungumze mambo yao. Bwana Baridi akainama kidogo, kwa adabu, akamwuliza nani alimfundisha lugha hii, maana anaisema kama wanawake wa zamani, wale wenyewe. Kasuku akajibu: mama yangu. Akamwuliza mama yuko wapi. Akajibu. Akamwuliza, taratibu kabisa, mama alikuwa anakuita jina gani ukiwa mdogo.

Naye akamwambia. Kifaranga cha mwisho. Hivyo ndivyo linavyogeuka kwa lugha yetu, kwao ni neno moja tu, laini. Bwana Baridi akalirudia mara moja, daktari akaingia.

Nilimwuliza Kasuku kwa nini alimtajia jina lile. Aliendelea kukunja foronya. "Kwa sababu aliniuliza, Bibi. Nani mwingine aliwahi kuniuliza?" Na mimi niliyekaa naye nyumba moja miaka yote ile nikashika ncha ya shuka, nikavuta.

Ulipokaribia wakati wa daktari kuandika maoni yake, alimwita Kasuku ofisini, akafunga mlango, akatoa kile kinasa sauti.

"Dada, nisaidie. Kuna kitu hakinikai. Nikimtazama namwona ametulia, mapigo ya shingoni hayaruki, mikono haitoki jasho. Nikisikiliza, nasikia mtu anayejuta mpaka koo linamkauka. Nimekuwa nikijiambia labda ndivyo watu wa kwao walivyo, uso mkavu na moyo umejaa. Lakini nimeona aibu ya kufikiri hivyo. Hebu sikiliza na wewe."

Akabonyeza. Feni kwanza. Kisha sauti ya Bwana Baridi, fupi, bapa, ya mtu anayekuelekeza duka lilipo. Kisha ya Kasuku: "Nilifunga mlango." Hapo pumzi. "Nilisikia... anagonga." Hapo sauti ikatetemeka kama inataka kukatika. "Niliondoka." Na chini yake, wakati Kasuku anatetemeka, unamsikia Bwana Baridi akikwaruza kitu mezani kwa ukucha, kisha anauliza chai inaletwa saa ngapi.

Daktari akabonyeza tena, siku nyingine. Vilevile. Mfungwa ametoa maneno makavu, mkalimani ameyatoa yamelowa.

Maneno yote yalikuwa sahihi. Hakuongeza moja, hakupunguza moja. Ila kila lilipopita kooni kwake lilichota kitu, na kitu chenyewe hakikuwa cha yule mtu aliyegonga mlango wa barafu, wala cha aliyeufunga. Kilikuwa cha mwanamke anayemlilia mama yake kwa lugha ya mama yake, mbele ya watu, kwa ruhusa ya serikali.

"Nilikuwa namsikiliza nani?" daktari akauliza. Hakuuliza kwa ukali.

"Mimi," Kasuku akasema.

Daktari akasema kosa ni la wote, yeye ndiye aliyetakiwa kujua kwamba mkalimani ana koo. Akasema bado kuna kikao kimoja. "Kesho sema kama ukuta, dada. Neno kwa neno, bila pumzi yako. Nitaanza upya kumsikiliza."

Jioni ile hakula. Nilimgongea, akasema yuko sawa, kwa lugha yetu, kisha akaongeza kitu kwa lugha yake, si kwangu wala si kwa sufuria.

Kesho yake akakaa kwenye kiti chake, akakaza shingo. Daktari akauliza kuhusu yule mpiga mluzi, kama alikuwa na watoto. Bwana Baridi akajibu, Kasuku akageuza kavu: "Alikuwa nao. Wawili. Mmoja alikuja kiwandani siku moja." Daktari akauliza anajisikiaje akimkumbuka mtoto yule. Bwana Baridi akajibu, Kasuku akageuza: "Vibaya. Vibaya sana." Ukuta ungesema hivyohivyo. Na lile "vibaya sana" sasa likalala mezani uchi, kila mtu akaliona lilivyo.

Bwana Baridi akageuza shingo. Tangu waanze alikuwa anamtazama daktari anapojibu, kama alivyofundishwa. Sasa alimtazama Kasuku, akamtazama vizuri, akaelewa yote palepale. Akasema kwa lugha ya ng'ambo ya milima, kwa sauti ya joto ambayo hakuwahi kuitumia kwa maiti wala kwa yatima:

"Kifaranga cha mwisho. Leo umenifanyia nini?"

Akaendelea, polepole, bila kukasirika. Alipomaliza akaegemea kiti.

Daktari akamgeukia Kasuku. "Amesema nini?"

Sasa nisikilizeni, maana kisa chote kiko hapa. Ndani ya chumba kile watu wanne walikuwa hai, na waliojua kilichosemwa ni wawili. Kinasa sauti kilikuwa kinanasa, ndiyo, lakini kinasa hakijui lugha, na mtu wa kukitafsiria katika mji ule alikuwa Kasuku mwenyewe. Angeweza kusema, "Ameuliza kuhusu chai." Nani angembishia? Askari? Askari alikuwa anapambana na usingizi. Angesema chai, kisha angerudisha pumzi kidogo kwenye maneno yaliyobaki, na daktari angebaki na mashaka yake, na mashaka hayamfungi mtu. Na lugha ya mama yake ingeendelea kumjibu.

Aliniambia alisikia ule ubawa wa feni uliopinda ukigonga, ukigonga.

Akafungua mdomo.

"'Kifaranga cha mwisho, leo umenifanyia nini?'"

Daktari akainua kichwa. "Anamwambia nani hivyo?"

"Anamwambia mkalimani." Akaendelea, macho yake yameganda kwenye nati ya meza. "'Mimi niliona tangu siku ya kwanza. Nikitoa neno kavu, wewe unalilowesha. Nikakuacha. Kwa nini nikuzuie? Wewe una kiu ya kuongea, mimi nina haja ya kutoka. Sikukuomba, ulinipa. Endelea tu kama mwanzo. Nikitoka nitakuja kwako, nitakaa nawe, tutaongea lugha hii mpaka uchoke. Nakwambia kweli, mimi sina pengine pa kwenda. Ukimwambia huyu mwanamke, mimi nitarudi chumbani kwangu, kwangu si kitu. Wewe ndiye utakayerudi nyumbani kwenu ukaongee na ukuta.'"

Pale kwenye ukuta sauti ikamkatika.

Daktari akauliza, kwa upole, lakini akauliza, maana ndiyo kazi yake: "Hapo mwisho, dada. Ile sauti ilikuwa ya nani?"

"Ya mkalimani."

Machozi yakamshuka, naye hakuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa imeshikana chini ya meza. Bwana Baridi aliyatazama yanavyoshuka. Hakufurahi, Kasuku alisisitiza hilo, nisimtie uovu ambao hakuuona. Aliyatazama kwa makini tu, kama fundi anayetazama bomba linavuja wapi. Kisha akauliza kama chai bado italetwa. Na hilo pia likageuzwa.

Koridoni daktari alimshika mkono. "Ulilosema leo limenipa jibu ambalo kwa maswali yangu nisingelipata. Lakini sitaweza kukuita tena kwa huyu mtu. Unaelewa?"

"Naelewa, daktari."

"Na lile jina, alilijuaje?"

Akamwambia hilo nalo. Daktari akavua miwani, akaishika, hakuifuta. Akasema itabidi aliandike, na kwamba ataandika pia nani alilisema mwenyewe bila kulazimishwa. Basi mahakama ikamsimamisha Kasuku kwa muda, kisha ikamrudisha kwa zile lugha nne. Wakubwa waliamua Bwana Baridi abaki. Nilisikia wamempatia mkalimani mwingine, anakaa mbali sana, anatafsiri kwa njia ya simu, wala hamwoni.

Mtaani hawakujua kitu. Mwenye genge aliendelea: "Kasuku, leo umeua wangapi?" Akawa anajibu, "Leo nimepumzika," analipa, anaondoka. Viatu vizuri vikarudi uvunguni.

Siku moja tunaanua nguo akaniambia, "Bibi, nina aibu ya jambo moja."

"Liseme, mimi aibu zangu zimenizoea, hazitashangaa kupata mgeni."

"Namkosa."

"Yeye au lugha?"

Akashika kibanio cha nguo, akakifungua na kukifunga. "Sijui kuvitenga. Ananijia masikioni. Nikitaka kumkumbuka mama alivyokuwa akiniita, inatangulia sauti ya mtu yule. Amelichukua lile jina, Bibi. Hata halimfai kitu, lakini amelichukua."

Mimi nina maneno mengi, mnanijua. Nimewahi kumnyamazisha wakala wa bima. Siku hiyo nilimbebea beseni.

Jumapili yake mchana alikuja mlangoni kwangu, akakaa kwenye kigoda. Nilikuwa nachambua mboga. Akasema, "Bibi, nataka kusema. Hutaelewa."

"Sijawahi kuelewa na hujawahi kuniona nimelegea. Sema."

Akaanza kwa lugha ya ng'ambo ya milima. Kwanza kidogokidogo, anaangalia sakafu. Kisha ikafunguka. Akasema kwa muda mrefu, na mimi nikaitikia pale nilipodhani panafaa, nikaguna pale paliposikika pabaya. Mara moja nilitikisa kichwa kwa huzuni kubwa, akakatisha, akaniambia kwa lugha yetu, "Hapo palikuwa pa kucheka, Bibi."

"Basi rudia, nicheke."

Akarudia. Nikacheka. Haikuwa sawa, mimi najua na yeye anajua. Kicheko kilichelewa na kilikuwa cha mtu aliyesukumwa. Aliniangalia, akaendelea na habari yake, lakini polepole zaidi sasa, akichagua maneno mafupi, kama mtu anayemlisha mgonjwa. Jua lilihama kutoka kizingiti mpaka miguuni kwake. Kisha akanyamaza katikati ya sentensi, ambayo nilijua ni katikati kwa sababu mkono wake ulikuwa bado hewani.

"Imeisha?" nikamwuliza.

"Neno limenipotea. La ule uzi mama aliokuwa anashonea mto." Akafikiri. Alifumba macho, midomo ikawa inajaribu. "Hakuna wa kumwuliza."

Nilimsogezea nusu ya mboga. Akachukua kisu, tukachambua.